Skolashipu Isiyopitia kwa Baba

Wenzangu darasani walichagua vyuo kwa kuangalia kozi. Mimi nilichagua kwa umbali. Nilikaa kwenye maktaba ya mtaa wetu wa Scarborough, nikafungua ramani ya Kanada na kuanza kufuta mikoa mmoja mmoja. Ontario, mkoa wetu, niliifuta yote. Quebec nayo nikaifuta, maana baba angeweza kufika huko kwa gari kabla hasira haijamtoka. Nikabaki na vyuo vya umma vya mikoa ya mbali, kule ambako mtu akitaka kukufuata kukupiga itabidi kwanza akate tiketi ya ndege.

Ufadhili wa masomo uko wa namna mbili. Kuna wa wenye shida, na huo hudai hati za mapato ya wazazi pamoja na sahihi zao. Kuna wa wenye alama za juu, na huo hukutaka wewe tu: matokeo yako, mwalimu wa kukusemea, na mahojiano mafupi. Shida tulikuwa nayo tele, ila sahihi ilikuwa kwenye mkono uleule uliotupiga. Basi nikakazana na alama. Walimu walinisifu kwa bidii, hawakujua kwamba nilikuwa natoroka.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kule alizungumza kwa upole na kuwasalimu wageni kwa mikono yote miwili. Nyumbani alitumia mkanda, kiatu, waya wa chaja, chochote kilichokuwa karibu. Mama alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi mgonjwa wake mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Alinikataza kuwaita polisi. Alisema wakimchukua baba, kanisa zima litatuuliza sisi tumemfanyia nini. Nilimchukia baba, na wala sitafuti neno la kulainisha hapo.

Mama peke yake ndiye aliyejua mpango wangu. Kulikuwa na chuo kimoja katika mkoa wa mbali wa Saskatchewan kilicholipa kila kitu, karo, chumba na chakula, kwa wachache watakaofaulu mahojiano. Nilipoitwa kwenye mahojiano hayo nilimwambia akiwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria akanikumbatia mpaka ugali ukaungua, na baba alipouliza harufu ile ni ya nini, tulicheka kimyakimya kama wezi.

Kisha mama akafanya kosa ambalo ni mama wa ushirika tu angelifanya. Jumapili hiyo baada ya ibada, ushirika wa nyumba kwa nyumba ulikuwa kwetu. Watu walikunywa chai, wakala maandazi, halafu kila mmoja akatoa ombi lake ili aombewe. Mama alikuwa na ombi moja tu moyoni, na kukaa na ombi kimya mbele ya ushirika aliona ni kumnyima Mungu nafasi.

"Mnikumbukie binti yangu," akasema, macho ameyafumba. "Ako na interview Wednesday, ya skolashipu ya Saskatchewan. Bwana amfungulie njia."

Sebule nzima ikaitikia amina. Nilipofumbua macho, baba alikuwa ananitazama.

Alisubiri hadi mgeni wa mwisho avae koti. Akawasindikiza kwenye lifti, akawatakia wiki njema, akarudi na kufunga mlango kwa komeo.

"Saskatchewan," alisema. "Nimekuleta hii nchi, nimekulisha, ndio unikimbie?"

"Ndiyo," nikasema.

Kofi lake liliniangusha na kikombe mkononi. Mama akaingia katikati yetu. Baba alimkamata nywele akambamiza kichwa kwenye kabati la vyombo, sahani zikamwagika na kuvunjika, naye akaendelea kumpiga juu ya vigae vyake. Jirani wa chini aligonga dari lake kwa kitu kama fimbo, akitaka tupunguze kelele.

Jumatano baba hakwenda kazini. Mahojiano yalikuwa ya video, nikajifungia chumbani na kompyuta ya shule. Komeo la chumba kile lilikuwa bovu, kwa hiyo mama akakaa sakafuni kwenye korido, mgongo mlangoni, miguu ameikaza kwenye ukuta wa mbele yake.

"Usitoke kabla hujamaliza," aliniambia. "Ukitoka, mimi mwenyewe nitakuchapa."

Kwenye skrini walikuwa watu watatu. Mmoja aliuliza mdomo wangu umepatwa na nini. Nikamwambia nimeteleza kwenye barafu, akasikitika kweli. Pigo la kwanza likaja, mlango ukatikisika. Wakaniuliza ni ugumu gani nimewahi kukabiliana nao. Nikaeleza habari za klabu ya hesabu iliyokosa mwalimu, na kila baba alipopiga nikapandisha sauti. Wakauliza kama kuna ujenzi jirani. Nikasema ndiyo, jengo letu linatengenezwa. Mama hakutoa sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko mapigo yenyewe.

Nilipofungua, mama alikuwa bado palepale, damu inamtoka sikioni.

"Umejibu yote?"

"Yote, mami."

"Basi nishike nisimame."

Nilipata. Siku habari ilipofika, baba alimpigia mchungaji simu hata kabla sijamaliza kulia. Kwetu mtoto akipata skolashipu hupelekwa mbele ya kanisa, wazazi huku na huku, na baba hutoa ushuhuda. Akautoa. Alisema amenilea kwa nidhamu, amenisomesha, na leo anaona matunda. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kisha akampa mama kipaza sauti aseme asante.

"Bwana asifiwe," mama akasema.

"Asifiwe!"

"Mliomba na mimi kwangu ile Sunday. Mlipotoka, alinibamiza kichwa kwa kabati. Wednesday akanipasua sikio, mtoto akiendelea kujibu maswali."

Akafungua kilemba chake wakaliona sikio hilo. Baba akatabasamu kwa aibu, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Mama alimtwanga nacho mdomoni. Spika zote zikalipeleka lile pigo mpaka viti vya nyuma, na kwa mara ya kwanza kanisa likasikia sauti tuliyokuwa tukiisikia nyumbani.

Baba alishika mdomo, damu ikichuruzika kwenye tai yake.

"Niko na ombi lingine," mama akasema. "Huyu mtoto anaenda Saskatchewan. Mimi leo sirudi kwa hiyo nyumba. Nani ako na gari?"

Maegesho ya nje yalikuwa yamejaa magari. Watu wakatazama sakafu, hadi mama mmoja kwenye safu ya kwaya akaanza kutafuta funguo mkobani mwake.