Nilivyompa Baba Mkwe Mikono Yote Miwili

Ndugu zangu, leo nimeiua injini kwa adabu.

Mkanda wa taimingi wa pikapu yangu ulikatika hapa Ganako. Nilikuwa nikifunga mpya, nimeishikilia puli ya juu ili alama zake zisisogee. Nilijua fika kwamba zikisogea, valvu zitagonga pistoni na injini itakufa.

Akaingia baba mkwe.

Kwetu mkwe hasalimiwi na mtu aliyeinama na spana mkononi. Nikaachia, nikafuta mikono, nikampa yote miwili.

"Shikamoo, baba."

Nyuma yangu puli ikajizungusha.

"Marahaba. Mama yenu homa imempanda, tumpeleke Karatu. Gari limepona?"

"Limepona, baba."

Nilipaswa kuzilinganisha alama upya. Nikaona haya kumsubirisha. Nikavalisha mkanda hivyohivyo, nikapiga stata.

Ka-ka-ka! Kisha kimya.

"Huko ndiko kupona, mkwe?"

Mama amepelekwa kwa trela la trekta la kijiji, katika mvua, amejifunika turubai. Alipopita langoni kwangu, akanyanyua mkono:

"Pole na gari, mwanangu!"

Pole nipewe mimi?

Nishaurini, tafadhali: kesho naingiaje kumjulia hali?