Mama wa Kakesio Niliyemwandika Marehemu

Karatu wengi wananijua kwa ukaidi, na sikatai. Ndugu zangu wa Mbulu husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Ukaidi huo umenifaa sana kazini. Lakini kuna mwaka mmoja nilikuwa mkaidi juu ya jambo lisilofaa, akateseka mtu asiye na hatia.

Nilikuwa nesi wa tiba shufaa katika hospitali moja pale Karatu. Wagonjwa wetu walikuwa wale ambao ugonjwa wao hauponi tena. Tuliwafuata majumbani kuwapunguzia maumivu. Dawa yetu kubwa ilikuwa mofini ya maji, na kila chupa ilitolewa kwa jina la mgonjwa na sahihi. Kwa miaka mingi kumbukumbu zao zilikaa kwenye daftari kubwa lililochakaa pembe. Kisha, miaka ya elfu mbili, tukaletewa kompyuta.

Wenzangu waliinung'unikia. Mimi niliipenda. Kila Jumatatu ilinipa orodha ya wagonjwa ambao dawa zao zilikaribia kwisha, wakati daftari halikuwahi kunikumbusha chochote. Ila ilikuwa na tabia moja: mgonjwa asipoonekana kwa wiki sita, jina lake lilipigwa mstari mwekundu, na mistari hiyo iliingia kwenye ripoti ya mwezi. Nami sikutaka kuonekana mzembe. Nilitaka skrini yangu iwe safi kama sufuria za bibi harusi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Njia ya Kakesio, ambayo hata kiangazi hukuchosha ukishapita lango la Ngorongoro na Endulen, ilikatika kabisa kwa magari. Huko tulikuwa na mgonjwa mmoja, mama mtu mzima wa Kimaasai mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Tulikuwa tumemwachia dawa ya miezi miwili kwa sababu ya mvua. Wiki ya sita ilipofika, mstari mwekundu ukatokea juu ya jina lake.

Siku ya mnada nilikwenda kununua maharage, nikamwona mwanamume mmoja wa boma la jirani na lile la mama. Nilimkumbuka kwa sura tu. Alikuwa amesimama na wenzake wa rika lake, wanauza mbuzi. Nikamwendea kwa furaha, nikamtaja yule mama kwa majina yake mawili, nikauliza ile saratani ya kizazi inamwendeaje.

Yule mwanamume akainamisha kichwa. Akavuta shuka mpaka mdomoni, akawatazama mbuzi wake. Wenzake nao wakanyamaza. Nikangoja. Mwishowe akasema, "Mvua imenyesha sana huko kwetu."

Sasa mimi nilijua desturi moja ya Wamaasai, na niliijua kwa majivuno: marehemu hatajwi jina. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kwa heshima zote nikaaga bila kuuliza zaidi. Nikarudi ofisini, nikafungua faili lake, na pale penye neno "Hali" nikachagua "Amefariki". Mstari mwekundu ukafutika. Nikasema Mungu amlaze pema, nikaenda kunywa chai.

Wiki tatu baadaye zahanati ya Kakesio ikatuita kwa redio ya upepo. Mgonjwa wenu, walisema, dawa imemwishia tangu juzi, hakai, halali, analia. Wakamtaja jina.

Nilikwenda mbio kwa mfamasia, mama mpole lakini aliyeshika sheria kama Amri Kumi. Akafungua kompyuta yake, akanitazama juu ya miwani.

"Sista, huyu kwangu ni marehemu."

"Yuko hai. Ni kosa langu."

"Nakuamini. Lakini mofini ya marehemu nikiitoa, mimi ndiye nitakayelala polisi."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikampigia simu mtaalamu aliyetufungia ule mfumo. Akanieleza taratibu kwamba faili la aliyefariki hujifunga lenyewe, halifunguki wala halisomeki, mpaka aje yeye, mwezi ujao.

"Mwezi ujao hutakuwa na la kurekebisha," nikamwambia, "atakuwa amekufa kweli." Nikakata simu.

Nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikaamua kwamba chupa ile itafika Kakesio hata kama nitaibeba kichwani. Kwanza nilimwandikisha mama upya, kama mtu ambaye hatujawahi kumwona, namba mpya, faili tupu. Lakini faili tupu halikuwa na kipimo chake cha dawa. Nikashuka stoo kutafuta lile daftari lililochakaa, ambalo nilikuwa mtu wa kwanza kuomba litupwe. Lilikuwa chini ya magodoro mabovu. Kwa kuwa tulianza naye kabla ya kompyuta, kipimo chake kilikuwemo kwa mwandiko wangu, mililita na saa. Daktari akakisoma, akaniuliza maswali mawili, akatia sahihi. Mfamasia akamimina dawa.

Gari la hospitali lilikuwa limekwenda kwenye chanjo. Nikadandia lori la mahindi mpaka Endulen, nikalala kwa mhudumu wa zahanati, na asubuhi, kwa kuwa mvua zilikuwa zimepungua, nikapata gari la kwenda Kakesio. Chupa niliifunga kwenye kitenge nikaipakata njia nzima. Utingo akaniuliza kama ni mtoto.

Binti wa mama ndiye aliyenipokea. Alisoma mpaka darasa la saba na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamegusa kidevu, ameuma ncha ya shuka. Nilimsalimu, "Takwenya," na hakuwa na nguvu ya kuitikia. Nikapima dawa kwenye sirinji, nikamwekea mdomoni kidogo kidogo. Kisha tukakaa. Polepole magoti yakalegea. Shuka likatoka mdomoni. Ndipo akanigeukia akasema, "Iko," kuitikia salamu niliyoitoa kitambo.

Nikaona sina budi kueleza. Nikamsimulia binti habari za mnada, yule mwanamume, kimya chake, na kompyuta. Binti akashika kichwa.

"Yule ni mume wangu! Sista, mtu hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Humwita kwa jina la mnyama waliyepeana wakati wa kuposa. Na wewe umemtajia jina lake mbele ya rika lake, tena na ugonjwa wake wa siri? Angejibu nini? Alirudi hapa hali chakula kwa aibu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Elimu ndogo ni hatari kuliko ujinga, na mimi nilikuwa na desturi moja mfukoni, nikaigeuza cheti cha kifo. Binti akamtafsiria mama yake. Mama akasikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema neno fupi kwa Kimaasai. Binti akasita kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza, uliposikia amekufa, mbona hukuja?"

Kwetu Mbulu, kwao Kakesio, kwa Wachaga wenye maduka pale Karatu, kote mtu akifa unakwenda. Zama za daftari nilikuwa nakwenda, nakaa na wafiwa, ndipo narudi kuandika. Safari hii nilikuwa nimebonyeza tu. Nikainamisha kichwa, nikawa kama yule mkwe wake.

Niliporudi nilibandika karatasi juu ya kompyuta: "Hapa hafi mtu kabla hatujaenda kwao." Wenzangu walinicheka, wakaniita Sista Ufufuo. Mkuu wangu alilalamikia mistari myekundu kwenye ripoti. Nikamwambia iachwe iwe myekundu, na karatasi sikuibandua. Kila mwezi chupa ya Kakesio ilifika, mara nyingine nikiwa nayo mwenyewe.

Kiangazi kilipoanza kuuma, asubuhi moja nilimkuta yule mkwe amesimama nje ya dirisha la ofisi yangu. Alikuwa peke yake, shuka limefika mdomoni, anatazama chini. Hakusema kitu, nami sikumuuliza kitu. Sikuigusa kompyuta. Nilichukua kitenge changu, nikamwambia mfamasia nakwenda Kakesio, na jioni tulikuwa wote wawili juu ya lori.

Bomani wanawake walinisogezea nafasi nikakaa nao. Baada ya muda mrefu binti akaniletea chupa, bado ina dawa kidogo chini, kwa sababu alijua dawa ya marehemu lazima irudishwe.

"Ni mama aliyesema mume wangu ndiye aje kwako," akaniambia. "Alisema asimame tu, asiseme neno. Alisema ukimwona amenyamaza, safari hii utakuja."