Mchanga wa Rahabu, Moto wa Baba

Baba yetu, Elinaza, alifariki mwezi uliopita hapa Same. Bwana ampokee. Wengi walimjua kwa sufuria zake. Babu ndiye aliyeshuka na kazi hiyo kutoka Bombo, kule milimani: kuyeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Baba alirithi karakana pamoja na mwiko wake, kwamba siku ya kumimina mwanamke hasogelei tanuri.

Zamani mama aliwapelekea babu na baba uji wakati wa kumimina. Aluminiamu ikaruka, ikamuunguza babu mguu. Lawama zikawa za mama mpaka anaingia kaburini, na hakuna aliyebisha isipokuwa dada yangu Rahabu.

Rahabu ndiye aliyechekecha mchanga wa kalibu. Akiufinya kiganjani alijua kama maji yamezidi. Kaka yetu Kelvin, aliyetajwa kuwa mrithi, alichoshwa na moshi akaenda kuendesha malori.

"Baba, nifundishe moto," Rahabu alikuwa akimwomba.

"Mchanga wote ni wako, mama. Unataka na moto? Mimi utaniachia nini, kofia?"

"Mchanga nimeushika mimi, mbona sufuria hazitoboki?"

"Mchanga hauna macho. Moto unaona."

"Siku ile ya babu kalibu ilikuwa na maji, ndiyo yaliyorusha aluminiamu, baba. Uji wa mama umekosa nini?"

Baba alicheka, akamfukuza kwa kofia hiyohiyo. Naye alikuwa mzee wa kanisa, aliyetuongoza sala kila jioni. Sikuelewa vipi mtu anayemtegemea Kristo aogope kivuli cha mkewe.

Kisha kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia. Tanuri likakaa baridi hadi Pasaka ikapita. Asubuhi moja akamwita Rahabu, akamsimamisha mbele ya moto.

"Tazama rangi ya moto. Bado. Usiwe na haraka kama Kelvin. Bado... Haya, mimina!"

Sufuria ilitoka safi. Baba aliigonga, akasikiliza mlio wake, akaishika muda mrefu.

"Nilimwonea mama yenu," alisema, akalia.

Wiki hiyohiyo Mungu alimchukua.

Rahabu ameendelea kumimina. Sufuria nyingi zinapasuka, naye anazivunja na kuzirudisha tanurini. Majirani wanasema mwiko umejibu. Lakini kalibu zake ni kavu na mchanga ni mzuri. Anachokosa ni kuijua ile rangi, na aliyeijua hayupo tena wa kuulizwa.