Kitansi cha Mwavita

Mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa na fundi wa magari mmoja tu aliyependa kodi, naye ni Uthmani. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Térence, mtoza kodi wa komini, ile serikali ya mtaa, akionekana tu kwenye kona, gereji zote zilifungwa na mafundi wakageuka wapita njia. Uthmani alimvutia kiti.

"Bila kodi, dawa ya hospitali itatoka wapi?" aliwauliza wenzake. Kila kitansi, yaani stakabadhi ya kodi, alichopewa alikitundika kwenye msumari ukutani. Mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani, kodi ikapandishwa maradufu kwa ajili ya vita. Akalipa vilevile.

Sasa sikia. Uani kwake ilikaa ambulansi ya komini, juu ya matofali, miezi saba sasa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: pampu ya mafuta. Komini iliahidi kila mwezi kuinunua. Fedha za pampu hazikuonekana, ila magari mapya ya wakubwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri, yalionekana, tena yaliletwa kwake kubadilishwa oili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ndipo Rachidi, muuza vipuri, akapata pampu kuukuu iliyofaa. Bei yake ingemaliza akiba yote ya Uthmani, na akiba hiyo ndiyo aliyomwekea Térence kwa kodi. Mkewe Soumaya, mwenye mimba ya miezi minane, hakumung'unya maneno.

"Nunua ile pompe, papa Uthmani. Teksi hazina esansi, mafuta yameadimika. Siku yangu ikifika, nitaenda na nini?"

"Kodi kwanza, mama. Komini yenyewe itainunua."

Akalipa. Alikosea, tena vibaya, lakini waliokuwa wakijificha hawakuwa na uso wa kumsema.

Siku ya Soumaya ikafika kabla ya wakati wake, mchana, na damu nyingi. Teksi hakuna. Majirani walimlaza kwenye mkokoteni, wakampitisha ubavuni mwa ile ambulansi, karibu sana hata mkono wake ukaigusa. Uthmani aliuona mkono ule, na hakuusahau. Walifika hospitali baada ya saa nzima. Mama alipona. Mtoto, msichana, alitoka amekwisha kufa. Wakamwita Mwavita, wakamzika.

Mwezi uliofuata Térence akarudi, na milango ikafungwa kama kawaida. Uthmani akamvutia kiti.

"Leo andika kitansi kwa jina la Mwavita," alisema.

Térence akaandika, kwa mwandiko mzuri, kisha akanyoosha mkono apewe fedha.

"Amekwisha kulipa."

"Mwavita ni nani? Mi simujui."

"Mutoto wangu. Alikufa sababu ya ile gari yenu," Uthmani alisema, akimwonyesha ambulansi kwa kidole.

Térence akataka kukifuta kile kitansi. Soumaya akatoka ndani polepole, bado hana nguvu, akakichana kitansi kutoka kitabuni na kukitundika kwenye msumari, juu ya vile vingine.