Kicheko Walichokikata

Nyundo ile baba aliiazima dukani kwa Mhindi wa mtaa wetu, Tabata, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi, na hakuirudisha. Si kwamba alisahau. Baba alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, mtu wa kurudisha hata sindano ya jirani. Nyundo aliibakiza makusudi, ili kijana wa yule mwenye duka awe na sababu ya kuja kumtukana.

Nieleze hapa hapa, maana ndipo yule mzungu aliyekuja baadaye kutupiga filamu alipopotea, au alipojifanya kupotea. Kwetu kusini kila kabila lina watani wake. Mtani anakuita mwizi, mchafu, mla panya, tena mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kununa. Msibani ndiye mwenye kazi: anamwiga marehemu, anazuia jeneza, anawachekesha wafiwa huku machozi yanawatoka. Na anayetukana hacheki. Ukitabasamu umeshindwa.

Yule kijana alikuwa rika langu. Alizaliwa Tabata, na babu yake alizaliwa nchi hii hii. Kila akitoka shule alikuja kukaa juu ya gogo la mpingo uani kwetu, kutazama patasi inavyokwenda. Siku moja baba akamuuliza watani wake ni watu gani. Akasema kwao hawana. Baba akaweka patasi chini.

"Sasa wewe ukifa nani atawachekesha watu wako? Haiwezekani. Kuanzia leo watani zako ni sie."

Tangu hapo ilikuwa ni vita kila siku. Alifika mlangoni na kumwambia baba kuwa Wamakonde wote ni wezi wa nyundo. Baba alimjibu kuwa Mhindi akiona kivuli chake anakipima kwenye mizani. Wote wawili nyuso kavu kabisa, mie nimejiinamia kwa kicheko. Baba akawa anamwambia, "Siku yangu ikifika, simama pale mlangoni. Jeneza lisipite mpaka nyundo irudi." Naye alikuwa akijibu, "Nitakufungia ndani uoze."

Mzungu alikuja tukiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu kwao, na Kiswahili alikijua vizuri sana, cha vitabuni. Alitaka filamu kuhusu vijana wa Dar na mambo ya rangi: nani anamwajiri nani, nani anamwogopa nani. Hakuwa na maandishi yoyote. Kazi yake ilikuwa kuwasha kamera na kutuambia tuigize maisha yetu wenyewe, tuseme litakalotujia mdomoni. Aliita hiyo njia ya heshima, kwa sababu hasemi yeye, tunasema sisi.

Tuliigizia uani kwetu. Mtani wangu alicheza bosi Mhindi, mie mfanyakazi. Akatutukana kama alivyofundishwa na baba: Waswahili wavivu, wezi, ukiwapa kisogo wanaondoka na duka zima na mlango wake. Kisha tukabadilishana, mie nikawa Mhindi, yeye akawa Mswahili, na nikamrudishia mara mbili. Watu waliojazana ukutani walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mzungu mwenyewe alicheka, nilimwona.

Halafu akanikalisha peke yangu mbele ya kamera na kuniuliza, "Maneno aliyoyasema juu yenu, anayamaanisha?"

Nyuma ya kamera mtani wangu alikuwa amesimama, ananitolea macho ili nicheke. Nami sikutaka kushindwa. Nikakaza uso, nikatazama kamera na kusema, "Anamaanisha kila neno. Hao ndivyo walivyo. Mama yake akinipa maji, ananipa kwenye kopo la mbwa."

Mama yake hakuwahi kufuga mbwa. Mtani wangu akapasuka kucheka na mie nikapiga makofi, nimemshinda. Hiyo ndiyo siku ninayotamani kuirudisha kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Filamu ilionyeshwa mjini, kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Tulikwenda sote wawili, nguo zimepigwa pasi. Nilipoiona sehemu yetu nilidhani macho yangu yana matatizo. Kicheko hakikuwepo. Watu wa ukutani hawakuwepo, mama aliyekaa chini hakuwepo, zamu yangu ya kuwa Mhindi haikuwepo. Alikuwa yeye tu, anatutukana kwa uso mkavu, na baada yake mie, nasema anamaanisha kila neno. Kabla sijapiga makofi, walikata kwa makasi yao. Mtu nyuma yetu akasonya. Mtani wangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hawajaweka tulivyocheka?"

Kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Kesho yake kipande kilikuwa kwenye makundi yote ya mtaa, sekunde chache tu, Mhindi wa Tabata akiwatukana Waswahili. Waliokuwepo uani siku ile walijua. Walioniuma ni hao, sio wengine. Walikuwa wanajua, na wakakaa kimya, maana kuna raha fulani kumwona mwenye duka akitetemeka. Mlango wa duka ukaandikwa kwa rangi arudi kwao. Mtu ambaye kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza ni utani, na wakaniambia mbona mwenyewe nimesema kwenye filamu. Mwezi haukuisha, familia ikahamia Tegeta.

Nilimpigia mzungu. Sikumsalimia. Nikamwambia arudishe kicheko chetu mahali pake. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichemsha damu, kwamba yeye hakuongeza neno hata moja. "Wewe mwenyewe ulisema," akaniambia. Kisha akanieleza kuwa utani ni kifuniko tu, chini yake kuna chuki halisi, na kazi yake ni kufunua.

Sisemi chini hapakuwa na kitu. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuvuka mlango wa jikoni kwao. Baba yake mdogo alimwita mtu mzima wa miaka hamsini boi. Na sisi tulipokosa kitu tulisema Mhindi kakificha. Nani asiyeyajua hayo? Lakini mahali pekee tulipoweza kuyasema usoni, mimi na yeye, na kesho tukaamkiana, palikuwa ni hapo kwenye utani. Yule bwana alikuta watu wawili wana kisu cha kukatia kitunguu, akapiga picha ya kisu, akaondoka. Akapata na sifa. Bado ninamchukia, na sioni aibu kuliandika hilo. Ninajichukia na mie, kwa ule uso niliokaza.

Baba alifariki miaka miwili baadaye. Watani zetu wa kusini walifika asubuhi. Mmoja alivaa aproni ya baba, akashika patasi, akaanza kulalamika kiuno kama baba alivyolalamikaga, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu baba alazwe hospitali. Mie nilikuwa nimeitoa nyundo chini ya kitanda na kuifuta. Nilisimama nayo karibu na mlango.

Alikuja. Shati jeupe, peke yake, kutoka Tegeta. Watani wenzake wakampisha njia. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Nikaona haanzi, nikaanza mie, kwa sauti ya wote kusikia, uso mkavu kama nilivyofundishwa:

"Mhindi, umefuata pilau au umefuata nyundo?"

Watani wakageuka kumsubiri. Hakunitazama. Alitazama mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine, kuona nani ameshika simu. Kisha akanisogelea, akanipa mkono, na wa pili akauweka juu yake, kama mtu anayemsalimia mgeni.

"Pole sana, dada," akasema. "Mungu amlaze mahali pema."

Akarudi nyuma, akasimama pembeni ya mlango na kuinamisha kichwa. Walibeba jeneza la baba yangu wakapita nalo mlangoni pale, na hakuna aliyelizuia.