Runinga Iliyonitolea Ushahidi Mbele ya Wakwe

Niliporudi Igurwa kutoka Mwanza sikurudi mikono mitupu kama wengine. Nilirudi na stashahada ya ugavi, fedha nilizozitafuta mwenyewe bila kubebwa na mjomba, na runinga ya inchi hamsini na tano inayounganishwa na intaneti. Hapakuwa na nyingine kama ile kuanzia kwetu mpaka barabara kuu, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza ilinionyesha maandishi marefu kuhusu taarifa zangu: kitakachokusanywa na watakaogawiwa. Mtu aliyesomea ugavi anajua kwamba mkataba unasomwa mpaka nukta ya mwisho. Lakini mpira ulikuwa unakaribia kuanza, nikabonyeza "Nakubali".

Mama alikuja kusikia kwa wenzake wa kwaya kwamba runinga za siku hizi zinaandika unachotazama na unachosema, kisha zinawapelekea waliozitengeneza. Tangu hapo aliifunika kwa kitambaa chake cha kufuma kila alipotaka kusali au kunisema kwa jirani. Nilimweleza kitaalamu kwamba kampuni ya ng'ambo haina haja na mambo ya mkulima wa kahawa wa Igurwa.

"Kama haina haja, mwanangu, mbona ilikuomba ruhusa?"

Nilimwambia mambo hayo yanahitaji shule.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia mwalimu wa hisabati wa Mabira, upande wa Kyerwa. Kwao walinipenda, ila walikuwa wamesikia kwamba wanaume wanaorudi na mali kutoka mjini huacha mke huko. Kabla ya kukubali walitaka kuja kuiona nyumba na kuulizia. Walikuja wawili: baba yake mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, na shangazi yake, ambaye neno lake juu ya binti ndilo la mwisho. Akikataa yeye, hakuna ndoa.

Asubuhi ile nilikiondoa kitambaa cha Mama, nikawasha runinga ili wageni wakute picha za maporomoko ya maji. Mama akaketi pembeni, kitambaa mapajani.

Kwetu, anayeoa haongei siku kama hiyo. Anaamkia, anaketi, ananyamaza. Wa kusema ni mshenga. Wangu alikuwa jirani mwenye sauti nzuri, na sifa zangu nilimwandalia mwenyewe ili asisahau hata moja. Wageni walipokwisha kupewa kahawa ya kutafuna, akaanza. Alisema mimi ni mtu wa taarifa ya habari na vipindi vya kilimo, basi. Alisema sina wasiwasi na lolote duniani. Baba mdogo alipouliza habari za mke wa Mwanza, mshenga akaapa kwamba hayupo. Baba mdogo akauliza tena, kwa maneno mengine.

Mshenga alipoona haaminiwi akaongeza sifa ambayo sikumpa. Alisema hata runinga yangu husikia mtu akizungumza, akampa shangazi rimoti na kumwonyesha kitufe cha maikrofoni. Shangazi akabonyeza. Kabla hajasema kitu, maporomoko yakatoweka, na kwenye kioo yakajipanga maswali yote niliyowahi kuiuliza ile runinga nikiwa peke yangu.

Shangazi akavaa miwani. Alisoma taratibu, kama anayesoma somo kanisani.

"Dawa ya upara inayofanya kazi haraka."

Baba mdogo akaitazama kofia yangu, ambayo nilikuwa nimesingizia mafua ili nisiivue.

"Namna ya kupika ndizi zisiungue. Mwalimu wa hisabati anapenda zawadi gani. Mchumba asipojibu ujumbe tangu asubuhi, amekasirika?"

Chini yake palikuwa na tamthilia ya mapenzi ya Kituruki, na maneno: endelea kutazama, sehemu ya themanini na nne. Nilifungua mdomo, mshenga akanikanyaga mguu. Akasema huenda mtazamaji ni Mama. Mama, ambaye hasemi uongo, akajibu kwamba yeye hajui hata kuiwasha, anajua kuifunika tu.

Shangazi aliendelea kushuka, mwezi baada ya mwezi, akimtafuta mwanamke wa Mwanza. Mwanamke huyo hakuwepo, lakini niliyaogopa niliyoyasahau. Mwishowe akasoma: "Mke mwenye digrii anaweza kumheshimu mume mwenye stashahada?"

Hilo lilinichoma kuliko upara.

Shangazi akavua miwani, akamgeukia ndugu yake. "Mshenga huyu amefundishwa cha kusema. Hiki chombo hakuna aliyekifundisha. Angekuwepo mwanamke wa Mwanza, kingemtaja." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, mkwe, heshima utaipata. Binti yetu tatizo lake ni ndizi. Yeye ndiye anayeziunguza."

Tulioana. Baadaye niliyasoma yale maandishi yote, nikapata mahali pa kuzuia runinga isikusanye taarifa na pa kufuta zile iliyokwisha kuzikusanya. Nadhani ni mimi peke yangu wilayani niliyefika ukurasa ule. Lakini shangazi aliposikia alipiga simu: nisifute kitu.

Siku hizi akija kutoka Mabira anaamkiwa, anatafuna kahawa, kisha anaomba rimoti kabla hajamuuliza mpwa wake kama naishi naye vizuri. Kampuni ya ng'ambo inaujua upara wangu, na zaidi ya kunitumia matangazo ya mafuta ya nywele haijanisumbua. Ninayemwogopa yuko Mabira. Kwa hiyo nikiwa na swali, naenda kulifikiria migombani, na simu naiacha ndani, chini ya kitambaa cha Mama.