Kikombe cha Mwalimu Narcisse

Ukuta kati ya duka langu la ushonaji na chumba cha Mwalimu Narcisse Mbonigaba ni wa mbao, tena mbao zenyewe zimeachana. Kwa hiyo nimejifunza violini bila kutaka na bila kuigusa. Niko hapa nashona gauni la mtu, upande wa pili mtoto anakwaruza waya mpaka meno yananiuma. Wiki ya kwanza nilipohamia mtaa huu wa Mbugangari, hapa Rubavu, baada ya mume wangu kufariki, nilikwenda kumgongea mlango nikamwuliza kama kazi yake hiyo haina saa ya kupumzika. Alinipa kiti, akaniambia kwa upole kwamba cherehani yangu nayo inalia vibaya, inataka mafuta. Nilikasirika sana. Niliporudi nikaitia mafuta ikanyamaza, na tangu siku hiyo tukawa majirani.

Narcisse ni mtu wa Bugeshi, kule juu kwenye baridi na viazi. Baba yake alikuwa mpigaji wa iningiri, ile fidla yetu ya waya mmoja, na mtoto alishika upinde kabla hajashika jembe. Baadaye akasoma Nyundo, na huko padri mmoja mzee akampa violini iliyopasuka ubavu na kumfundisha. Basi akawa na vyote viwili, kazi nyingine hakuitafuta. Amefundisha watoto wa mjini, wahudumu wa hoteli, na mzee mmoja mstaafu wa forodha ambaye hajawahi kumaliza hata wimbo mmoja na wala hakati tamaa. Hakuoa. Mimi humtania kwamba hakuna mwanamke ambaye angevumilia kuambiwa "rudia" kila akizidisha chumvi.

Maana neno lake ni hilo tu. Ukikosea, rudia. Hapigi, hafoki, lakini haachii kitu. Na ukipatia, hasemi chochote: anakwenda mezani, anamimina maji kwenye kikombe chake cha bati, anakunywa, anakirudisha mezani. Ndiyo sifa yake yote. Wanafunzi wanalijua hilo, na mimi upande wangu nalijua, maana kile kikombe kikigusa meza nasikia ko. Kuna watoto wamekaa naye mwaka mzima bila kuisikia.

Isimbi alikuwa mtoto wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye maswali mengi. Mama yake, Mukantwari, alikuwa akiishi Nyundo karibu na mto Sebeya na kuvusha maharage kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, kila siku ya Mungu; huko Goma ndiko alikompatia binti yake violini ndogo, kuukuu. Narcisse alimfundisha wimbo wa baba yake mwenyewe, wa ng'ombe wanaporudi zizini. Katikati ya wimbo huo pana mahali ambapo kidole cha pete lazima kifike juu kidogo. Cha Isimbi hakikufika. Sauti ilitoka imeshuka, kama mtu anayejizuia kulia.

"Ng'ombe wanarudi nyumbani, hakuna aliyekufa," Narcisse alikuwa akimwambia. "Rudia."

Alirudia miezi na miezi, mpaka nikawa nashona huku nakiombea dua kidole cha mtoto wa watu. Siku nyingine alitoka akifuta machozi, nami nikampa vipande vya kitenge akamshonee mwanasesere wake. Wiki iliyofuata alirudi, na kosa lake amekuja nalo.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili, mvua ikinyesha tangu asubuhi. Isimbi alianza wimbo, akafika mahali pale, akapita. Alipita sawasawa, kana kwamba hapajawahi kumsumbua. Mguu wangu ukasimama juu ya cherehani. Nikasikia maji yanamiminwa, kisha ko, kisha mtoto akicheka peke yake kwa sauti.

Alipotoka alisimama mlangoni pangu kunieleza, kana kwamba mimi ni kiziwi. Lakini mikono yake ilikuwa mitupu. Unyevu ulikuwa umelegeza kijiti cha kukazia waya, na Mwalimu amemwambia aiache violini aitengeneze mpaka Jumamosi ijayo. Nikamwuliza mama atasikiaje sasa. Akasema hatamwambia neno, atamshtukiza wiki ijayo.

Katikati ya wiki hiyo Sebeya ilijaa usiku. Watu wa Rubavu wanaukumbuka usiku ule, sina haja ya kuueleza. Mukantwari alikuwa amezuiwa na mvua akalala kwa dada yake Goma, na Isimbi alikuwa nyumbani na bibi yake. Ukuta uliwaangukia wote wawili. Asubuhi mama alivuka mpaka akiwa na sufuria mpya kichwani, hajui kitu.

Baada ya mazishi Narcisse alifunga chumba. Mimi niliyekuwa nikilalamikia makelele nilikaa wiki nzima nikitega sikio kwenye mbao, na kimya kile kiliniumiza kuliko ukwaruzaji wote niliowahi kuusikia.

Mukantwari alikuja kuichukua violini kiangazi kilipoanza. Ndicho kitu pekee cha mtoto kilichobaki. Picha, nguo, madaftari, vyote mto ulibeba. Narcisse alimkabidhi. Mama akaishika mapajani, haondoki. Mwishowe akaomba afundishwe ule wimbo. Narcisse akamtahadharisha kwamba vidole vya mtu mzima ni vigumu, tena vyake vimebeba magunia. Mama akasema hata magunia hayakumwogopesha. Kisha akauimba kwa mdomo, taratibu, ili Mwalimu ajue ni upi, na alipofika katikati akaiimba ile sauti iliyoshuka. Kosa la binti yake, lilelile. Alikuwa amelisikia kila jioni akichambua maharage.

Narcisse alisema polepole kwamba pale wimbo wenyewe unapanda.

"Hapana, Mwalimu," Mukantwari akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni Goma. "Ile yako utafundisha bengine. Mi nataka vile mutoto wangu alikuwa anaipiga."

Jioni ile Narcisse aliingia dukani kwangu, akakaa juu ya furushi la vitambaa kama mgonjwa. Tulikuwa wawili tu duniani tuliojua kwamba Isimbi aliishinda ile sauti. Nilimwambia amweleze mama, ni haki yake. Akanijibu kwamba mama hana kitu kingine cha mtoto isipokuwa hilo kosa, na yeye akifungua mdomo atamnyang'anya. Akinyamaza, anamdhulumu Isimbi aliyeitafuta sauti ile kwa machozi. "Na mimi ndiye niliyemwambia aiache," akasema. "Angerudi nayo nyumbani, mama angesikia jioni ileile." Nikamkumbusha kwamba ingerudi ingekwenda na maji. Akasema anajua. Kisha akalia, mtu mzima yule, mbele yangu, na mimi mwenye mdomo wa kumtosha kila mtu nikampa kipande cha kitenge ajifutie.

Basi akamfundisha. Mukantwari alikuja kila Jumamosi akitoka mpakani, miguu ina vumbi. Alikwaruza kuliko mtoto yeyote. Narcisse alimrudisha bila huruma kila alipokosea, isipokuwa pale katikati. Pale aliacha ipite, na mimi nilijua kwa nini.

Miezi ilipita hivyo. Siku moja Mukantwari akiwa amechoka, kidole chake kiliteleza kikapanda, na ile sauti ikatoka sawasawa. Akasimama. Akaipiga tena, pole pole, mara hii kwa kukusudia.

"Ni hii ulikuwa unamutafutia?" akauliza.

Narcisse akasema ndiyo.

"Mutoto alifikaka hapo ao hapana?"

Niliacha mkasi. Nikadhani atadanganya, na Mungu anisamehe, wakati ule nilitamani adanganye.

"Alifika, Mama Isimbi," akasema. "Ile Jumamosi ya mwisho. Alitaka kukushtukiza. Mimi ndiye niliyezuia violini hapa, ndiyo maana hukusikia."

Mama hakupiga kelele. Alimwomba tu achukue violini ile ile ampigie vile mtoto alivyopiga siku hiyo. Narcisse akapiga. Vidole vyake ni vikubwa kwa chombo kidogo vile, lakini alipiga vizuri, ng'ombe walirudi wote na hakuna aliyekosekana.

"Ni muzuri," Mukantwari akasema. "Lakini huyu mutoto mi simujui." Akainyoshea violini mkono. "Alikuwa anakuja kwangu huyu, hakufika. Mimi niko na ule mwingine. Niachie ule mwingine, Mwalimu."

Akaichukua violini, akaanza wimbo tangu mwanzo. Ulikuwa na makwaruzo, ulikuwa unachechemea, lakini ulikwenda bila kukatika. Nilikuwa nimeegemea mbao machozi yakinidondokea gauni la mteja. Akafika katikati, akakishusha kidole kwa makusudi, na ile sauti ya Isimbi ikatoka, ya Isimbi wa jioni zote za maharage. Nikangoja nisikie "rudia." Miezi yote hiyo kosa la pale katikati alimwachia, lakini sijawahi kumsikia akiacha wimbo ufike mwisho bila neno lake.

Mama akamaliza. Nikasikia hatua za Narcisse zikielekea mezani, nikasikia maji yakimiminwa, kisha kikombe kikagusa meza.